Si Chumvi ya Bahari Inayoua Betri Zetu

Mtu apitaye Darajani wakati wa jioni, akitokea Marikiti Kuu iliyojengwa mwaka 1904, hawezi kukosa kuziona meza ndogo za mafundi wa simu. Juu ya kila meza pana taa, kioo cha kukuzia, chuma cha kuchomea risasi na mita ya kupimia umeme. Pembeni, aghalabu chini ya meza, pana kikasha au ndoo ya betri zilizokufa. Ndoo hiyo ndiyo inayonishughulisha katika makala haya, kwa sababu naamini kwamba sisi tulio katika vyuo vikuu tumeipita kila siku bila ya kuitazama.

Miezi michache iliyopita nilimpelekea fundi mmoja wa hapo taa ya sola ya mama yangu. Taa ilikuwa imekaa kabatini muda mrefu tangu umeme wa gridi ulipoacha kukatika mara kwa mara, na ilipohitajiwa tena haikuwaka wala haikukubali kuchajiwa. Fundi akaifungua, akaigusa betri kwa ncha za mita yake, na mita ikaonyesha volti 0.4. "Maalim," akaniambia, "hii imeliwa na hewa ya bahari. Huku kwetu betri hazidumu. Lakini subiri niibusti." Akachukua nyaya mbili, akaiunganisha betri moja kwa moja na chaja ya volti 5 bila ya kupitia ule mtambo mdogo wa ulinzi uliomo ndani ya taa, akangoja kama dakika kumi. Taa ikawaka. Nikalipa, nikashukuru, nikaondoka.

Siku ya nne betri ilivimba ikapasua ganda la taa, na ikapata moto kiasi ambacho mama aliishika kwa kitambaa akaitupa uani. Taa hiyo hutundikwa usiku karibu na chandarua.

Sina haki ya kumlaumu fundi. Nimesomea metali na betri hadi shahada ya uzamivu ng'ambo (ng'ambo ya bahari, si Ng'ambo yetu hii iliyo upande wa pili wa Darajani), nami nilipoiona ile volti 0.4 nilijua tayari kilichotokea ndani ya betri. Nikanyamaza kwa adabu, maana si vizuri kumfundisha mtu kazi yake mbele ya wateja. Naandika sasa yale niliyopaswa kuyasema pale mezani.

Kwanza tuieleze betri yenyewe. Ndani ya betri ya lithiamu hamna mambo ya ajabu kwa jicho. Ukiweza kuikunjua, jambo ambalo namwomba msomaji asilijaribu kamwe nyumbani, utakuta kanda ndefu zilizoviringishwa pamoja mfano wa ukili wa mkeka uliokunjwa tayari kwa kushonwa. Ukanda mmoja ni karatasi ya alumini iliyopakwa unga mweusi wenye lithiamu. Huo ndio upande chanya. Wa pili ni karatasi ya shaba iliyopakwa grafiti, nao ni upande hasi. Baina yao pana utando wa plastiki wenye vitundu visivyoonekana, na vyote vimeloweshwa kwa kimiminika kilichoyeyushwa chumvi ya lithiamu. Lithiamu husafiri ndani ya kimiminika kutoka upande mmoja hadi wa pili, lakini umeme wenyewe tunaoutumia hauna njia ya kutoka ila kupitia zile karatasi mbili za metali. Hizo ndizo zikusanyazo umeme kutoka katika kila punje ya unga na kuupeleka nje.

Karatasi hizo ni nyembamba mno. Ya alumini huwa na unene wa mikrometa 10 hadi 20, na ya shaba siku hizi huwa baina ya mikrometa 6 na 10. Unywele wa binadamu una unene wa kiasi cha mikrometa 70. Basi fikiri, msomaji: shaba ichimbwayo Zambia na Katanga, inayopita katika bandari ya Dar es Salaam kwa maelfu ya tani, huturudia Darajani ikiwa karatasi iliyo nyembamba mara saba au zaidi kuliko unywele, na juu ya karatasi hiyo ndipo mama zetu wanapotegemea taa zao.

Metali nyembamba kiasi hicho haina akiba ya kuliwa. Nguzo ya chuma yaweza kuliwa na kutu milimita nzima na isianguke. Karatasi ya shaba ya mikrometa 8 ikiliwa hata sehemu ndogo tu, imekatika. Kwa hiyo swali la ulikaji, yaani kuliwa kwa metali kwa njia ya kemia na umeme, ni swali la uhai wa betri. Fundi wangu alikuwa sahihi kabisa kusema kwamba betri ile imeliwa. Kosa lake lilikuwa katika kumtaja mlaji.

Ni rahisi kuelewa kwa nini mtu wa Unguja huishuku bahari. Hapa kwetu hewa ina chumvi na unyevu, na ushahidi uko kila mahali. Mabati hutoboka, kufuli hugoma, na madirisha ya alumini yaliyo karibu na pwani huota vidoa vyeupe vyenye vishimo. Fundi mwenyewe kila siku husafisha kwa brashi na spiriti ile rangi ya kijani iliyoota katika tundu la kuchajia simu, nayo si kitu kingine ila shaba iliyoliwa na chumvi na maji. Huo ni ukweli, na wala siukanushi. Lakini yote hayo ni mambo ya nje ya betri. Seli ya lithiamu hufungwa pasi na tundu, katika mkebe wa chuma au mfuko wa plastiki uliounganishwa na alumini, kwa sababu adui yake mkubwa ni maji. Viwanda huzitengeneza seli hizi katika vyumba vilivyokaushwa hewa kuliko jangwa lolote duniani, na unyevu katika kimiminika huhesabiwa kwa sehemu chache katika milioni. Maadamu ganda ni zima, upepo wa Forodhani hauna njia ya kuingia. Aliyeiua shaba ya taa ya mama alikuwa ndani tangu mwanzo.

Tuanze na alumini, maana kila nyumba ina mfano wake jikoni. Alumini ni metali yenye hamu kubwa ya kuungana na oksijeni. Ingalikuwa uchi, isingedumu. Inadumu kwa kuwa papo hapo hujivika utando wa oksidi wenye unene wa nanometa chache tu, utando mgumu usiopitisha kitu. Ndiyo maana sufuria huchemsha maji miaka mingi bila ya kuisha. Lakini mwanamke wa pwani anajua kwamba sufuria ya alumini iliyoachwa na maji ya chumvi usiku kucha, tena usiku baada ya usiku, hatimaye hupata vitundu vidogo kama vilivyochomwa kwa sindano. Chumvi haili sufuria yote; hutafuta mahali ambapo utando una udhaifu na kuchimba hapo.

Ndani ya betri mambo huenda vivyo hivyo, ila chumvi ni nyingine. Upande chanya, betri ikijaa, hufikia volti 4.2, kani inayotosha kuivua alumini nguo yake. Wataalamu waliojaribu aina mbalimbali za chumvi za lithiamu waligundua kwamba baadhi yake, ingawa ni nzuri kwa mambo mengine, huila alumini mara kani ipitapo kiasi cha volti 3.7. Ile inayotumika zaidi leo ina fosforasi na florini. Ajabu yake ni kwamba florini hiyo, ambayo yatisha kwa jina, humsaidia mwathiriwa: huungana na alumini na kufanya floridi ngumu juu ya ile oksidi, utando wa pili juu ya wa kwanza. Betri zilizoanza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991, na nyingi mno zilizofuata, zinaishi kwa hisani ya utando huo, ingawa watu wengi husifu unga mweusi tu. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2019 walipewa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, na walistahiki. Lakini mimi hupenda kuwakumbusha wanafunzi wangu kwamba pasingekuwapo karatasi isiyoliwa, unga huo usingemfaa mtu.

Hisani hiyo ina mipaka yake. Chumvi ile haipendi joto wala maji. Pakiwapo hata unyevu kidogo ulioachwa na kiwanda kizembe, au seli ikipata joto la digrii 60 na zaidi, chumvi huvunjika na kutoa asidi ya haidrofloriki, asidi kali inayoyeyusha hata kioo. Gari lililofungwa vioo juani, au ghala la mabati lisilo na madirisha, huikaribisha betri kwenye hali hiyo. Ndipo viwanda vilivyo makini vikaongeza kinga: huipaka karatasi ya alumini tabaka jembamba la kaboni kabla ya kuweka unga, nayo shaba huivika utando wa kromati ili isichafuke kabla ya kutumika. Betri za bei ya chini mno huenda hazikupata huduma hiyo, na kwa macho huwezi kuzitambua.

Lakini kisa cha taa ya mama ni kisa cha shaba. Kila metali imewekwa mahali pake kwa sababu. Alumini haiwezi kutumika upande wa grafiti, kwani huko huinywa lithiamu ikavimba na kumomonyoka kama chokaa iliyolowa. Shaba hainywi lithiamu, lakini haiwezi kuwekwa upande chanya, maana huko ingeyeyuka. Betri ikiwa katika hali yake ya kawaida, upande wa shaba una lithiamu ya kutosha, na lithiamu hiyo humlinda jirani yake kama vile zinki inavyolinda bati la nyumba. Sasa iache betri iishe, usiichaji, uiweke kabatini. Mtambo wa ulinzi utakata matumizi ikifika kama volti 2.5. Hata hivyo mtambo wenyewe hunywa umeme kidogo, na seli nayo hujipunguza yenyewe. Wiki hufuatwa na mwezi. Lithiamu ya mwisho ikishaondoka katika grafiti, mlinzi amekwenda zake. Kani ya upande huo hupanda hadi kufikia kiasi cha volti 3.5 juu ya ile ya lithiamu, na hapo shaba huanza kuyeyuka na kuingia katika kimiminika. Kwa nje mita huonyesha volti moja, kisha nusu, kisha karibu na sifuri.

Haya yote hutokea kimya kimya, bila ya moshi wala harufu. Hatari hasa huja pale mtu anapoibusti. Umeme unaosukumwa ndani huirudisha ile shaba iliyoyeyuka, lakini haiirudishi mahali ilipotoka. Huiotesha kama vijiti na matawi, hapa na pale, na matawi hayo hupenya ule utando wa plastiki ambao unene wake ni mikrometa kama 20 hivi. Yakigusa upande wa pili, umeme hupata njia ya mkato ndani ya betri yenyewe, ambako hapana swichi wala fyuzi ya kuukata. Betri huweza kukaa siku nne, au miezi minne, kabla ya jambo hilo kutimia. Nimeifungua moja ya namna hiyo maabara, chini ya kivuta hewa: karatasi ya shaba ilikatika vidoleni kama jani la mgomba lililokauka, na juu ya utando mweupe palikuwa na madoa mekundu ya shaba iliyohama.

Kwa nini basi mafundi hubusti? Wengine husema ni ujinga au tamaa, nami sikubaliani nao. Kubusti ni ufundi halali uliorithiwa kutoka kwa betri za namna nyingine. Msomaji atakumbuka kwamba Unguja ilikosa umeme karibu mwezi mzima kuanzia Mei 2008, kisha karibu miezi mitatu, tangu tarehe 10 Disemba 2009 hadi Machi 2010, na ule waya wa pili wa chini ya bahari, wa megawati 100, haukufika Fumba hadi mwaka 2013. Katika siku hizo betri ya gari ndiyo iliyowasha taa na kuchaji simu, na vijana wengi walijifunza umeme kwayo. Betri ya risasi na asidi ikiachwa tupu hudhurika, lakini mara nyingi huamka ukiisukuma, na ikishindwa, hushindwa kwa upole. Aliyejifunza hivyo akaiona betri ya lithiamu imelala atafanya alichokizoea, na papo hapo itawaka, na mteja atafurahi. Hakuna mtu aliyekuja kumwambia kwamba metali iliyomo ndani si ileile.

Hapo ndipo lawama yangu inapoelekea kwetu sisi wenye vyeti. Suala la kuyeyuka kwa shaba limeandikwa katika majarida ya kimataifa kwa miaka mingi. Sisi husoma majarida hayo, huandika mengine, hupanda vyeo kwayo, na kisha hupita Darajani kununua dagaa. Elimu inayohitajiwa pale mezani si kubwa; chombo kinachohitajiwa kipo tayari, nacho ni mita. Seli ya kawaida ya lithiamu ya simu au taa inayoonyesha volti 2.5 au zaidi yaweza kuchajiwa kwa utaratibu wake. Iliyo baina ya 2.5 na 1.5 ni ya kushukiwa: ichajiwe polepole kwa chaja yake halali, chini ya macho ya mtu, na ikipata joto iachwe. Iliyokaa chini ya volti 1.5 kwa wiki moja au zaidi isiamshwe kabisa, hata kama mteja analia, hata kama itawaka. Mtu akifahamu sababu ya kanuni hiyo hataivunja kwa urahisi, na ndiyo maana napinga kuwapa mafundi karatasi ya makatazo peke yake. Mafundi hawa ni mafundi wa kweli. Waonyeshwe ile karatasi ya shaba iliyokatika, waishike, watajua wenyewe la kufanya.

Wapo wenzangu wapendekezao kwamba biashara ya kutengeneza betri mitaani ipigwe marufuku. Sioni busara yake. Itawanyima riziki vijana, na haitazuia hata betri moja kuingia kisiwani. Afadhali tutazame zinakotokea. Betri nyingi hufika madukani zikiwa zimekaa melini na maghalani muda usiojulikana, na baadhi ya zile ziitwazo mpya zimekwisha kushuka chini ya mpaka kabla hazijanunuliwa. Taasisi ya Viwango Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ingeweza kuanza na kipimo kimoja tu kisicho na gharama: kuchukua chache katika kila shehena, kuzipima volti, na kudai tarehe ya kutengenezwa iandikwe juu ya seli. Volti ndogo bandarini ni ushahidi ambao hauhitaji maabara.

Zipo pia habari za kutia moyo kutoka kwa watafiti. Katika betri za sodiamu, ambazo zimeanza kutengenezwa viwandani miaka hii, shaba haihitajiwi. Sodiamu hainywewi na alumini, kwa hiyo alumini hutumika pande zote mbili, na betri yaweza kushushwa hadi volti sifuri, ikasafirishwa na kuwekwa ghalani bila ya metali yake kuyeyuka. Kwa kisiwa kinachopokea kila kitu kwa meli, na ambacho vifaa vyake hukaa kabatini vikingoja umeme ukatike, sifa hiyo kwangu ina thamani kuliko uzito mdogo unaosifiwa katika matangazo. Na sodiamu, msomaji anajua, ndiyo iliyomo katika chumvi ya bahari, yule mtuhumiwa wetu.

Nilirudi kwa fundi yule baada ya wiki mbili, safari hii asubuhi kabla ya wateja. Nilichukua kichupa chenye kipande cha ile shaba iliyokatika. Alikitazama kwa kioo chake muda mrefu, akaniuliza maswali ambayo wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu hawajaniuliza, mojawapo likiwa hili: kwa nini katika betri ya kompyuta yenye seli sita ni moja tu ifayo mara nyingi. Nikamweleza kwamba seli dhaifu katika mnyororo huisha mapema, na zile nyingine huendelea kusukuma umeme kupitia ndani yake hadi ikageuzwa kinyume, na shaba yake ndiyo inayotangulia. Akaandika "1.5" kwa wino mwekundu ubavuni mwa meza.

Kisha akaivuta ile ndoo kutoka chini ya meza. Ilikuwa imejaa hadi juu. "Sawa, Maalim," akasema, "nisiziamshe. Sasa hizi nimpe nani? Nikizitupa jaani, watoto wa vyuma chakavu watazipasua watafute hiyo hiyo shaba yako." Nikaibeba ndoo nikaipakia garini. Imo maabara kwangu chini ya ngazi, betri zimefukiwa katika mchanga mkavu, na juzi ameniletea ya pili.